Bwana Kadi na Tovuti Aliyokataa Kuiachia

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza kaka yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake tuliyeachiana ziwa, kazi ya kuwasomea maisha yake, na shemeji yangu, mjane wa marehemu, ameniomba nisiyapake rangi, kwa hiyo ya sifa nitayasema na yaliyotutia aibu nitayasema pia, likiwemo la kwangu.

Marehemu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Bwana Kadi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika chumba cha nyuma ya posta ambako baba yetu alikuwa karani, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na mama alizoea kutuambia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema lakini hakuchelewa kukataa. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, sekondari kuanzia 1985 hadi 1988, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1992 katika fani ya umeme na kompyuta, akiwa wa tatu darasani, jambo lililomuuma kwa miaka mingi kwa sababu wa kwanza na wa pili walikaa dawati moja.

Mwezi Februari 1994 aliajiriwa katika ofisi ya kumbukumbu ya hospitali, chumba kisicho na dirisha, rafu za kadi za wagonjwa zimepanda hadi darini, na huko aliona akina mama wajawazito wakisubiri tangu asubuhi hadi mchana kadi zao zitafutwe, wengine wakiambiwa waanze upya kana kwamba hawajawahi kuumwa, ndipo akaanza kuandika, kwa muda wake mwenyewe, programu ya kompyuta ya kutunza kadi hizo, akaiita Kadi, basi, kwa kuwa hakuwa mtu wa madoido. Tarehe 9 Septemba 2006 aliiweka kwenye tovuti, akaitangaza kuwa programu huria, maana yake yeyote aichukue bure, aisome ilivyoandikwa, airekebishe na kuwarudishia wenzake, na watu wakaja, nesi aliyesahihisha maneno ya kitabibu, mwalimu wa hesabu aliyewinda makosa, na wengine wengi ambao hawakuwahi kuonana, hadi zahanati zaidi ya mia mbili zikawa zinaitumia.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 20 Desemba 1997 na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, binti na kijana wa kiume, na tangu 2006, kwa miaka sita ya mwanzo, tovuti hiyo ilikaa kwenye kompyuta iliyonguruma chini ya meza yao ya kulia chakula, marufuku kuichomoa, shemeji akiiita mke mwenzake na kuomba ruhusa kabla ya kuchomeka pasi. Mwaka 2012 aliihamishia kwenye kompyuta za kampuni inayokodisha nafasi, lakini mkataba, jina la tovuti na neno la siri vilibaki mikononi mwake peke yake, yaani programu ilikuwa ya wote, mahali inapokaa palikuwa pake.

Tarehe 5 Novemba 2016, katika mkutano wa wachangiaji uliofanyika kwenye ukumbi wa shule, yule nesi aliomba kwa adabu, kwa niaba ya wenzake, vitu hivyo vitatu viwekwe chini ya kamati ya watu watano watakaochaguliwa, ili mmoja akiugua au akisafiri kazi isisimame. Kaka aliinuka, akasema, "Mnanizika ningali hai," akachukua kofia yake akatoka, na tangu siku hiyo hakusemezana na nesi kwa karibu miaka saba. Aliponiuliza mimi ninaonaje, nilimwambia akaze uzi, watu hao watamgeuka, nami nilisema hivyo bila kujua hata tovuti ni kitu cha namna gani.

Mwezi Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, na tarehe 3 Agosti, akiwa amelazwa hajitambui, mkataba wa nafasi ya tovuti uliisha na tovuti ikazimwa. Wenzake walipoomba neno jipya la siri, kampuni ililituma kwenye anwani ya barua pepe ya kaka, nayo anwani hiyo, kwa fahari ya kutumia kitu chake, alikuwa ameifungua ndani ya tovuti hiyo hiyo iliyozimwa, sawa na mtu aliyefungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Na wiki hiyo lilikuwa limegundulika kosa katika Kadi, lililochanganya wagonjwa wenye majina na tarehe za kuzaliwa zinazofanana, marekebisho yalikuwa tayari, pa kuyaweka hapakuwepo, wachangiaji wakapiga simu zahanati moja baada ya nyingine kwa siku kumi na moja, na hawakuzifikia zote. Katika zahanati moja bibi mmoja alipewa dawa za mgonjwa mwingine, akalazwa siku tisa, akapona.

Kaka alipopata fahamu sisi wanaume tulitaka afichwe habari hizo, lakini shemeji alimweleza yote, naye kaka akalia mbele yetu, akaomba nesi aitwe. Nesi alikuja siku ile ile akiwa na sare ya kazi, akavuta kiti, akampiga picha ameshika kitambulisho kifuani kama kampuni ilivyotaka, shemeji akiushikilia mkono wake, na tarehe 14 Agosti tovuti ikarudi. Kaka alimwambia, "Nilidhani mnaninyang'anya. Andika hayo majina matano."

Kampuni hiyo hubadilisha mmiliki kwa uthibitisho mara mbili, wa pili baada ya siku sitini, na kaka alitoa wa kwanza tarehe 16 Agosti, akawa kila asubuhi anauliza zimebaki siku ngapi, hadi alipofariki tarehe 2 Oktoba 2023, saa nane mchana, zikiwa zimebaki kumi na tatu.

Kwa hiyo tovuti imeingia kwenye mirathi, na familia imenichagua mimi kuwa msimamizi. Juzi kampuni nyingine ilileta barua ikitaka kuinunua, na kwenye kikao cha familia baadhi ya wakubwa ninaowaheshimu walisema tusitoe bure kitu kinachotafutwa, nami sitaficha, moyo wangu uliyumba. Mjane na watoto walikuwa wameshatia sahihi karatasi ya kuikabidhi kamati, yangu ndiyo ilikosekana, na binti wa marehemu hakunisihi, alinisogezea kalamu tu, akasema, "Baba mdogo, baba alikusikiliza wewe."

Nimetia sahihi leo asubuhi, na ninyi nyote ni mashahidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotuletea viti na turubai, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya kumbukumbu, na wachangiaji wa Kadi, ambao baadhi yao leo ndiyo mara ya kwanza wanamwona mtu waliyefanya naye kazi miaka yote hiyo. Yule bibi aliyepewa dawa zisizo zake ameketi safu ya pili, hatukuthubutu kumwalika, amekuja mwenyewe baada ya nesi kumpa habari za msiba, na kwa niaba ya kaka, na kwa niaba yangu, namwomba radhi mbele yenu.

Pumzika, kaka. Kazi ina watu.