Waliomtambua Filastini

Ijumaa baada ya laasiri gereji za Wadi Kabir hufungwa, na wasio na pa kwenda hukaa kwenye ubao uliolazwa juu ya matairi, nje ya duka la fundi wa viti vya magari. Ukimwona mtu ana Maskati nzima na Ijumaa yake anaimalizia kwenye matairi, usimuulize kulikoni. Apolinary, dereva wa brekidauni kutoka Karagwe, yuko hapo mwaka wa sita. Wanamwita Balozi kwa kuwa hupitwa na chakula, hapitwi na taarifa ya habari. Obedi fundi wanamwita Giaboksi. Kahawa na tende huleta Ami Murshid, Mwomani mzaliwa wa Unguja, tangu mkewe afariki na nyumba ya Darsait imshinde kwa ukimya. Nafasi ya nne ni ya mzee Mpalestina wanayemwita Filastini. Kiswahili hajui, ila wenzake wakicheka naye hucheka. Ijumaa ya pili hii haonekani, na Apolinary amemwekea kikombe chake palepale.

— Nchi mia na hamsini na ushee sasa zimeitambua Palestina, Apolinary alianza, macho yakiwa barabarani.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Giaboksi. Kibaba kikijaa, vita basi.

— Hiyo methali ya akiba, wewe.

— Sasa unadhani hizo nchi zilikuwa zimewekwa wapi? Nchi ni kama gari, Balozi. Umelirithi, unalala humo, watoto unawabeba humo. Huna mulkia, yaani kadi ya gari, polisi atakwambia si lako. Sasa Mpalestina wanamwandikia kadi.

— Kadi anayo. Barabara je?

— Barabara ni idara nyingine.

— Nyie hamjui kitu, Ami Murshid akaingilia. Mtu hawezi kushika finjani na bunduki. Nnasema hivi: wajumbe wote waletwe Maskati, wamiminiwe kahawa, na asitikise mtu kikombe mpaka atie saini.

Huku, kutikisa kikombe ndiko kusema nimetosheka. Usipotikisa, unamiminiwa tu. Filastini hatikisi kamwe. Hunywa mpaka chupa ikauke, maana kahawa ikiisha watu huondoka. Hilo Apolinary alilijua bila kuambiwa, kwani naye hunywa vivyo hivyo.

— Na kibofu, Ami? akauliza Giaboksi.

— Kibofu ndicho kitakachotia saini.

— Mbona wajumbe wenyewe hawatulii, leo mkutano huku, kesho kule? akauliza Apolinary.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akajibu Giaboksi.

— Kuna ngazi zake, Balozi akafundisha. Kwanza nchi husikitishwa. Ikizidi, husikitishwa sana. Ikizidi tena, hulaani.

— Halafu?

— Halafu husikitishwa kwamba haikusikilizwa.

Wakacheka. Apolinary akajikuta amegeukia nafasi ya nne, kuona kama naye anacheka.

Ndipo akasimama mbele yao msichana wa Kiganda, sare ya wafagizi wa hospitali, jina kifuani: Namagembe.

— Samahani, ni nyinyi watu wa kahawa? Kuna mzee alianguka kituo cha basi, akaletwa bila karatasi. Leo siku ya kumi. Macho anafungua, kuongea hapana. Mimi nafagia wodi yake, sijaona mtu anakuja kumuona. Dereva wa teksi aliyemleta anasema anakaaga hapa. Ndevu nyeupe, kidole hiki hana.

— Filastini huyo, akasema Giaboksi.

— Eeh. Wanataka mtu wa kumtambua. Anaitwa nani?

Giaboksi akamtazama Ami Murshid. Ami Murshid akatazama chupa. Apolinary alijua mengi: kwamba hula tende mbili, ya tatu akaitia mfukoni, kwamba kwenye simu ana picha ya binti mwenye sare ya shule, na huitazama akidhani haonekani. Miaka mitatu bega kwa bega, jina hakuwahi kumuuliza.

— Naenda mimi, akasema, akakichukua kile kikombe.

— Mlangoni wanaandika majina, Namagembe akamwambia. Wewe ni nani?

— Apolinary.

Walikuwa wameshafika barabarani aliposikia sauti ya Giaboksi nyuma yake, akimuuliza Ami Murshid:

— Apolinary ndo nani?