Ruta Inajibu, Dunia Haijibu

Hebu niambie wewe unayesoma: mtu ana shahada ya uzamili ya mitandao ya kompyuta, halafu anashindwa kufungua ukurasa mmoja mbele ya kibanda cha soseji, hiyo shahada aipeleke wapi? Ndiyo yaliyomkuta Jalo Hyttinen asubuhi moja ya mwezi wa tatu mjini Oulu, kaskazini mwa bahari ya Baltiki, kwenye benchi la ukuta wa kusini wa kibanda hicho, pale jua linapopiga na theluji ya paani inadondoka tone kwa tone. Benchi hilo lina wenyewe. Kuna Nguzo, mzee wa miaka sabini na moja, aliyepanda nguzo za simu mpaka magoti yakamgomea. Kuna Redio, injinia aliyetengeneza simu za mkononi hadi kiwanda kikafungwa, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Wamekalia vipande vya sponji ili baridi isiwapande kiunoni, vikombe vya kahawa mkononi, haraka hawana. Jalo wanamwita Masta, kwa kuwa ana shahada na hana kazi.

Jalo yeye alikuwa na haraka. Kabla ya saa sita mchana ilimpasa aithibitishie ofisi ya ajira, mtandaoni, kwamba bado anatafuta kazi. Akichelewa, jina linafutwa kwenye orodha, na ile nafasi ya mafunzo kazini aliyoingoja tangu Oktoba, inayoanza Jumatatu, anapewa mwingine. Nyumbani hakukuwa na intaneti: mafundi walikuwa wanabadilisha mabomba ya jengo zima, na nyaya zimeng'olewa pamoja na plasta. Simu yake ilizama Jumapili kwenye shimo la barafu, alipokwenda kujitumbukiza baada ya kutoka kwenye mvuke wa sauna. Ikabaki waifai ya kibanda, inayotoka kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, na kompyuta yake ya Linux, ambayo kila kitu ndani yake alikipanga kwa mkono wake na kujisifia.

Saa tano kasorobo.

— Bado? akauliza Nguzo.

— Bado.

— Umechomeka waya?

— Mzee, hii haina hata tundu la waya.

— Basi ugonjwa si umeshauona.

Jalo akainamia kompyuta. Akaandika amri moja, akaandika ya pili, akasogeza kioo kutoka juani.

— Anwani ninayo, akasema, zaidi kwa nafsi yake. Nikiigonga ruta ya kibanda inajibu, milisekunde tatu. Nikitaka kutoka nje ya ruta, kimya. Kwa jina, kimya. Kwa namba, kimya.

— Jana usiku uliangalia juu? Redio akauliza.

— Nilikuwa nimelala.

— Watu wa rika lako mnalala sana. Mbingu ilikuwa ya kijani toka mtoni mpaka uwanja wa ndege. Chembe za jua zile, bwana mdogo. Zikishuka, mawimbi yanalewa.

— Mbona basi ruta inajibu?

— Ruta iko ndani. Ina paa.

— Paa lipi, akasema Nguzo, acha kumdanganya mtoto wa watu. Ni ardhi. Mwezi wa tatu ardhi iliyoganda inavimba, inanyanyua nyaya. Mwaka wa sabini na tisa nilikuta waya umechomoza kando ya barabara, sungura ameutafuna nusu. Kijiji kizima siku tatu hakikupiga simu, na hakuna aliyelalamika.

— Hakuna aliyelalamika kwa sababu hawakuwa na simu ya kulalamikia, Redio akasema.

— Walikuwa na miguu, wewe.

Jalo akasoma upya mstari uliokuwa kwenye kioo, kana kwamba ungebadilika kwa aibu. Miaka sita chuoni. Tasnifu ya kurasa tisini na nne juu ya njia ambazo vifurushi vya data hupita, na maprofesa wawili walimpa mkono. Sasa kifurushi chake kimoja kimeshindwa kuvuka kaunta ya haradali.

— Au kulungu, Redio akasema.

— Kulungu gani tena?

— Kulungu wa kaskazini. Wafugaji wamewavisha kola zenye redio siku hizi. Kundi likishuka kulamba chumvi barabarani, kola mia nne zinaita kwa pamoja. Wewe na kompyuta yako moja utasikika na nani?

— Redio, kulungu wa karibu yuko kilomita hamsini.

— Umewahesabu?

Nguzo akanyanyuka, akaenda kujaza kikombe cha pili, ambacho hapo kibandani ni cha bure, akarudi na nadharia mpya. Sasa ilikuwa meli. Meli imeburuza nanga chini ya bahari ya Baltiki, imekata waya mkubwa, na serikali inatuficha.

— Inatuficha vipi wakati hiyo redio ya kibanda inatangaza mchezo wa magongo kutoka Stockholm, ng'ambo ya bahari? Jalo akauliza.

— Ndivyo wanavyotuficha. Kwa magongo.

Saa tano na robo. Jambo moja liliwaunganisha wote watatu: hakuna aliyewaza kugeuka na kumuuliza mwenye kibanda, aliyekuwa nyuma yao akigeuza soseji, umbali wa kunyoosha mkono. Mtu wa Oulu atafungua injini barabarani kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri kabla hajamsumbua mwenzake kwa swali, au kwa kumwomba simu. Tena mwenye shahada ya mitandao aende akaulize habari za mtandao? Hapana. Bora afe akiwa anajua.

— Masta, Redio akasema kwa sauti ya daktari, umewahi kufikiria draiva? Ile programu inayoiongoza kadi ya waifai. Mimi kiwandani, kitu kikigoma, tulikuwa tunaing'oa na kuiweka upya. Mara tisa kati ya kumi kinapona.

— Na kile kiwanda je, kilipona? akauliza Nguzo.

Jalo alijua ni upuuzi. Ruta inajibu, kwa hiyo kadi ni nzima, kwa hiyo draiva haina kosa. Alijua kabisa. Lakini hasira nayo ina vidole vyake, na vidole vikaandika amri ya kuondoa, vikabonyeza ndiyo. Draiva ikaondoka kwa adabu, haikuacha hata faili. Kisha kompyuta ikamwarifu kwamba kuirudisha inabidi ipakuliwe kutoka mtandaoni.

Akaukodolea macho ujumbe ule.

— Imesemaje? akauliza Nguzo.

— Inataka intaneti ili inipe kifaa cha kupata intaneti.

— No niin, akasema Nguzo, na katika lugha ya pale maneno hayo mawili yanatosha kwa harusi na kwa mazishi.

Saa sita kasoro dakika kumi na tano akafika mama mmoja wa makamo, Hillevi, amehamia mtaa ule wiki hiyo hiyo. Akanunua soseji, akaketi mwisho wa benchi, akatoa simu.

— Samahani, huu mtandao wa kibanda unaniuliza kama nakubali masharti. Ninyi mlikubali?

Nguzo alimtazama Redio, Redio alimtazama Masta. Jalo akahisi masikio yanawaka. Miaka miwili nyuma aliiamuru kompyuta yake isikubali kuelekezwa kwenye tovuti na mtandao wowote, ifuate tu orodha aliyoichagua yeye. Kibanda kilikuwa kinamletea ukurasa, kinangoja abonyeze "nakubali", na kompyuta, kwa utiifu, ilikuwa inaukataa mlangoni. Si jua, si sungura. Ni yeye.

— Mama, akasema, naomba simu yako dakika tano.

Hillevi akampa. Jalo akabonyeza "nakubali", akatoa pochini kadi ya namba za benki, ambazo huko ndizo kitambulisho cha mtandaoni, akajitambulisha, akaingia. Saa sita kasoro dakika sita. Ukurasa ukafunguka, mweupe, na maandishi katikati. Akausoma kwa sauti, kwa sababu peke yake asingeuamini.

— "Huduma ya ofisi ya ajira imefungwa kwa matengenezo hadi saa kumi jioni. Tunakukumbusha kuthibitisha kabla ya saa sita mchana."

— Sasa si uvuke ukawaambie? Hillevi akauliza. Ofisi yao si ile pale?

Ilikuwa pale. Hatua arobaini, ng'ambo ya barabara, taa zinawaka. Nguzo aliangalia ndani ya kikombe.

Jalo akavuka. Mlango ulikuwa umefungwa, na juu yake karatasi yenye saini: huduma zote ni mtandaoni. Nyuma ya kioo, mhudumu mwenye kikombe akamwonyesha karatasi kwa kidole. Jalo akaweka kiganja kwenye kioo, akasema kwa sauti ya kupenya:

— Dada, kompyuta yangu nimeiharibu mwenyewe, hilo nalibeba. Lakini ukurasa mmeufunga ninyi, mlango mmeufunga ninyi, na saa sita mmeipanga ninyi. Mwite bosi wako aliyesaini karatasi hii. Ama afungue, ama achukue kalamu aandike sasa hivi, wakati mnaniona nimesimama: Jalo Hyttinen, anatafuta kazi.