Bwana Alinirudishia Masika kwa Njia ya Tribinali

Bwana apewe sifa, wapendwa! Apewe sifa tena! Mukinipa amina ndogo nitawaomba nyingine, maana mimi nimetoka mbali!

Ni mimi Kakule, seremala wa kule mutaa wa Katoyi. Wengi wenu mumekaa juu ya viti nilivyotengeneza kwa mikono hii. Lakini leo sikuja kuongea mbao. Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonirudishia mutoto wangu, bila ngumi na bila kuvunja mulango wa mutu!

Masika ni binti yangu, mutoto wangu wa pekee. Mimi na mama yake tuliachana mbele ya sheria. Tribinali ya watoto ikaamua: mutoto akae na mama yake kule mutaa wa Mapendo, na mimi nimuchukue kila siku ya posho asubuhi, ndiyo Jumamosi, nimurudishe kesho yake jioni. Tulifuata vile. Masika alikuwa anakuja, anafagia takataka za mbao akiimba, halafu tunapika pamoja sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilikuwa baba mwenye furaha.

Ndugu zangu, munakumbuka ile siku volkano ya Nyiragongo ililipuka! Ilikuwa siku ya posho. Masika alikuwa kwangu. Jioni mbingu ikawa nyekundu, watu wote wa mutaa wakatoka inje na magodoro kichwani. Nikamuweka mutoto mugongoni, tukashika njia ya Sake katikati ya ile kelele. Telefone zilikatala. Mama yake, huko Mapendo, alisukumwa na watu mpaka akavuka mupaka wa inchi, akajikuta Gisenyi. Yeye hakujua kama tuko hai. Sisi hatukujua kama yeye yuko hai.

Tuliporudi muji, nilimupeleka Masika moja kwa moja nyumbani kwao. Mama yake alimuangukia mutoto pale kwa lango, akalia mpaka sauti ikakatika. Mimi hakunisalimia. Halafu akasimama, akasema:

“Papa Masika, imekwisha. Mutoto hatatoka tena kwangu.”

Nilifikiri ni uchungu, utapita. Haukupita! Siku ya posho iliyofuata nikakuta lango limefungwa. Na ile nyingine. Na ile nyingine. Nilisikia Masika ndani akiita, “Papa! Papa!” halafu mulango wa nyumba unafungwa. Wapendwa, hukumu ya tribinali nilikuwa nayo mukononi, muhuri juu yake, na mutoto wangu simuoni! Nilirudi Katoyi nikipiga randa mbao ileile mpaka inakwisha.

Kisha vita vikarudi. Waasi wakasogea, watu wa Rutshuru wakashuka na mbuzi na vyombo, Kanyaruchinya, kando ya muji, ikajaa mahema. Nikasikia kama mama Masika anataka kumupeleka mutoto Bukavu na boti. Hapo nikawa kama mwenda wazimu!

Rafiki yangu mumoja, dereva, akanijia kwa kazi.

“Kakule, kwa nini unalia kama mutu hana mikono? Tuende na gari saa watoto wanatoka masomo. Tumupakize, tuende. Hukumu si ni yako?”

Yale maneno yalikuwa matamu, ndugu zangu. Matamu! Nikamuambia anipe mpaka kesho. Nikaingia humu kanisani kwa maombi ya saa sita. Sikusikia sauti yoyote toka juu. Nilimuona tu Masika katika mawazo yangu, wanaume wanamuvuta mikono mbele ya wenzake, analia, na mumoja wao ni baba yake. Nikaruka pale nilipopiga magoti. Hapana! Kwa jina la Yesu, hapana!

Siku ileile nilienda kwa dada yetu Metre Neema, munamujua, avoka, ndiye wakili, anayeimba hapa katika koro. Nikamueleza yote.

“Papa, umefanya vizuri kuja kwangu kwanza, mbele ya kuenda kule kwa masomo,” akasema. “Ukimunyakua mutoto, mwenye kosa utakuwa wewe. Mama iko na haki ya kumulea. Wewe uko na haki ya kumuona. Tusimame juu ya hiyo.”

“Sasa nitafanya nini?”

“Kwanza afisa wa tribinali, isie, ataenda na hukumu mpaka kwake na kumuomba aifuate. Akikatala, isie anaandika kama amekatala. Halafu tunarudi mbele ya juji, hakimu wa kesi. Na wewe usiache kutuma chakula na vitu vya masomo, hata kama haumuoni mutoto.”

“Na parke, kwa mwendesha mashitaka? Siwezi kumushitaki kule?”

Akaniangalia. “Parke iko. Kukatala hukumu ya mutoto kunaweza kumupeleka kule. Lakini unataka mama ya Masika afungwe, alale kasho?”

Nikasema, “Hapana.”

“Basi huo mulango tuuache wa mwisho.”

Isie akaenda, mama akakatala, ikaandikwa. Tukapeleka kesi. Siku ya kusikilizwa, mabomu yanasikika, watu wanakimbia, biro zimefungwa! Nikafunga na kuomba. Kesi ikaahirishwa, nikaomba. Ikaahirishwa tena, nikaomba tena! Na ile boti ya Bukavu, wapendwa, mama Masika hakuipanda!

Mwishowe juji akatuita. Akamuuliza mama kwa nini anakatala hukumu. Mama Masika akasimama.

“Muheshimiwa, ile siku ya volkano nilitafuta mutoto wangu kati ya watoto waliopotea. Watu waliniambia moto umekula watoto. Nilianza kumulilia kama maiti. Tangu pale, akitoka mbele ya macho yangu, naona ule moto.”

Ndugu zangu, nilikuwa nimekuja na maneno makali. Yote yalinitoka! Nikasema tu, “Mama Masika, sikujua. Pole sana.” Akalia. Na mimi nikalia, mwanaume muzima, mbele ya juji!

Juji akamusikiliza Masika peke yake. Kisha akakata: hukumu inabaki, na mama aifuate, akivunja tena, kesi itaenda parke. Kwa mwanzo tukabidhiane mutoto mbele ya mufanyakazi wa jamii. Na tupange sisi wawili, mbele yake, mahali pa kumupeleka mutoto kama mulima au vita vikitushitua. Haleluya! Hata hofu ya mama ilipata jibu!

Siku ya posho iliyofuata, mama alimuleta yeye mwenyewe mbele ya yule mufanyakazi. Masika alinikimbilia mpaka tukaanguka wote wawili. Mama akanipa mufuko. “Nimeweka sweta,” akasema. “Kwako kunakuwa baridi.”

Baba uliye hapa, unayefungiwa lango la mutoto wako, nisikilize! Usilivunje. Usimuibe mutoto barabarani. Shika hukumu yako, tafuta avoka, rudi mbele ya juji, na umutegemee Mungu asiyefunga biro! Aliyenisikia mimi mabomu yakilia atakusikia na wewe.

Sasa musimame tumushukuru. Masika, kuja hapa mbele, mama yangu, watu wakuone. Ndugu zangu, leo ni katikati ya juma, si siku yangu ya kuwa naye. Mama yake ameketi pale, upande wa akina mama. Ni yeye amemuleta!