Lascelles Aubrey Parchment (1941–2024): Mtafiti wa Maua, na wa Bangi

Familia ya marehemu inawashukuru nyote mliofika leo katika kanisa la Ebenezer, Comfort Pen, kumsindikiza mume, baba, babu na ndugu yetu. Wasifu huu umeandikwa na mjane wake, Verona, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya hapa, na unasomwa na binti yao, Jacinth. Kabla haujaandikwa, baadhi ya wazee wa kanisa walitushauri kwamba itoshe kusema marehemu alikuwa mkulima wa maua, na kazi ya miaka yake ya mwisho ipitwe kimya kimya. Tuliwashukuru kwa ushauri. Jina la Parchment halijawahi kuhitaji kufichwa nyuma ya ua.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1941 hapa hapa Comfort Pen, wilaya ya St. Elizabeth, akiwa mtoto wa pili wa Ezra Parchment, mkulima wa nyanya, na Adina, mshonaji. Kaka yake ni Mzee Egbert, ambaye wote mnamfahamu. Mama yao alikuwa akisema kwamba Lascelles akipewa uji wa mahindi, huuliza kwanza ulivyopikwa, na akishajibiwa, uji umeshapoa na anataka kujua kwa nini umepoa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akapata nafasi ya sekondari mwaka 1953, na mwaka 1963 akahitimu chuo cha kilimo. Serikali ilimpeleka Trinidad kuanzia 1965 hadi 1967 kwa masomo ya juu ya kilimo cha bustani. Huko alichunguza maua ya msimu mmoja, yale yanayoota, kuchanua, kutoa mbegu na kufa ndani ya mwaka: kosmosi, zinia, merigoldi. Wataalamu walikuwa wamekwisha kujua kwamba baadhi ya maua hayo hungoja usiku urefuke ndipo yachanue. Yeye alitaka kujua ni mwanga mdogo kiasi gani unaotosha kuyavurugia hesabu.

Alirudi nyumbani na kuajiriwa katika kituo cha utafiti wa bustani milimani, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2001. Wakulima wengi waliouza maua kwenye mahoteli ya pwani walifundishwa naye. Hakuwa mtu wa kutoa amri. Mkulima akimletea tatizo, naye humletea maswali, na wengine walilalamika kwamba walikwenda na jani moja lenye madoa wakarudi na kazi ya mwezi mzima.

Katika kituo hicho ndipo alipokutana na Bi Verona Ebanks, mwalimu kijana aliyewaleta wanafunzi wake kutembea. Mwezi Juni 1969 alifika kwao kujitambulisha, akiwa amebeba fungu kubwa la kosmosi zilizochanua. Mama mkwe, ambaye alikuwa na bustani yake, alijua vyema kwamba kosmosi za aina ile hazichanui Juni. Akamwuliza amezitoa wapi.

"Nimezidanganya, mama. Kila alasiri nilizifunika kwa kitambaa cheusi, zikadhani ni Novemba."

"Haya. Kitambaa hicho kisije kikamfikia mwanangu."

Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba mwaka huo huo, wakajaliwa watoto watatu. Kwa miaka hamsini na minne marehemu hakupata kumdanganya mkewe kwa jambo lolote, ila kuhusu idadi ya vijiko vya sukari.

Mwaka 2015 sheria ya nchi ilibadilishwa, na bangi ikaruhusiwa kulimwa kwa leseni. Mwaka uliofuata wakulima wa hapa waliungana, wakiongozwa na Ras Nehemia, Mrasta wa hapa kijijini, wakapanda shamba kwenye mteremko ulio chini ya kanisa hili. Siku moja Ras Nehemia alisimama getini kwetu na kofia mkononi.

"Mzee, tumefanyiwa kitu," alisema. "Nusu ya shamba imechanua. Nusu nyingine inatoa majani tu na kutucheka."

Marehemu alimjibu kwamba yeye bangi haijui.

"Hakuna anayeijua kwa vitabu, Mzee. Wenye vitabu walikuwa wanaikimbia, na sisi tulioijua tulikuwa tunakimbizwa."

Mkewe aliomba kwanza kuiona leseni, akaisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya nyuma, ndipo akawakaribisha chai ya tangawizi. Wakulima walikuwa na majibu yao tayari. Wengine walisema mbegu ilikuwa dhaifu, wengine kwamba ilipandwa mwezi ukiwa unapungua, na wawili waliamini kuna mtu amewatupia uchawi. Marehemu aliwasikiliza wote, kisha akawaambia kwamba bangi nayo ni mmea wa msimu mmoja. Kama hakuna aliyeruhusiwa kuichunguza yenyewe, ndugu zake, maua ya msimu mmoja, wamechunguzwa kwa miaka mingi. Waanze kwa kuwauliza ndugu.

Ras Nehemia hakupendezwa. "Huu ni mti mtakatifu, Mzee. Si ua la kupamba meza ya harusi."

"Utakatifu wake sina kifaa cha kuupima. Usiku wake nitaupima."

Shambani aliona kwamba upande uliogoma ni ule unaotazama kanisa. Katikati ya upande huo palikuwa na mstari mmoja mwembamba uliochanua vizuri kabisa. Aliufuata kwa macho hadi juu ya mteremko, akakuta unaishia kwenye tangi la maji la kanisa. Pale alianza kucheka peke yake. Mimea ile ilikuwa imekaa ndani ya kivuli cha tangi. Taa kubwa ya mnara, iliyowekwa mwaka uliotangulia ili kuzuia wezi wa mbuzi, ilikuwa ikimulika mteremko wote tangu magharibi hadi alfajiri. Mimea iliyomulikwa ilidhani bado ni majira ya siku ndefu, nayo iliyo kivulini ikajua wakati wake umefika. Mwenyekiti wa kamati iliyoinunua taa hiyo alikuwa yeye mwenyewe, Lascelles Parchment, mzee wa kanisa.

Hakukimbilia kusema ameshajua. Alichagua mistari miwili iliyomulikwa, mmoja akaufunika kwa turubai jeusi kila jioni, mwingine akauacha ulivyo. Uliofunikwa ulichanua. Ndipo alipopeleka ombi kwenye kikao cha wazee: taa iwekewe bati upande mmoja, iendelee kumulika uwanja na kuliachia shamba giza lake.

Kikao hicho kimesimuliwa kwa namna nyingi. Familia inakisimulia kama marehemu alivyokisimulia jioni ile ile. Mzee Egbert, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, alimwuliza kama amejisikia anachosema.

"Yaani kanisa lizime taa ili bangi ichanue?"

"Isizimwe, kaka. Ifunikwe upande."

"Kwa bati la kanisa."

"Bati nitanunua mimi."

Kuna waliocheka, na kicheko kilizidisha hasira. Aliambiwa aliondoe ombi na kukiri kwamba alikosea kulileta, au aache kiti cha wazee. Marehemu aliuliza kosa analotakiwa kulikiri ni lipi, kwa kuwa yeye aliuliza tu jambo. Kisha akakiacha kiti. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma pamoja na mkewe, na tangu siku hiyo hawakukosa ibada hata moja wakiwa wazima.

Kwa kuwa taa ilibaki, aliitumia. Miche inayokatwa matawi ya kupanda haitakiwi kuchanua mapema, na wakulima wa maua duniani huilaza kwenye mwanga kwa sababu hiyo hiyo. Akawashauri kina Ras Nehemia waihamishie miche yote upande wa kanisa, na ile ya kuchanua waipande nyuma ya kilima. Ilistawi ajabu. Haukupita muda kijiji kizima kikawa kinasema kwamba taa ya Ebenezer inalea watoto wa bangi. Wazee walikutana upesi, wakaamua bati lipigwe. Marehemu alipita chini ya mnara, akautazama mwinamo wa bati kwa muda, akasema fundi wao amelipiga vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza. Kiti chake hakikurudishwa, naye hakukiomba.

Si kila alilolitoa kwenye maua lilifaa. Msimu wa pili aliwapangia nafasi za kupandia kama za merigoldi, mvua za Oktoba zikaja, na vichwa vya maua vikaoza kwa ukungu. Ras Nehemia alimwuliza kama merigoldi ndiyo iliyomshauri. Marehemu alijibu kwamba ndugu si pacha, akaongeza nafasi, akaanza upya. Aliendelea na majaribio hayo hadi mwaka 2021, na wakulima wa wilaya tatu walifika kujifunza kwake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta hata mara moja. Ras Nehemia alimtania kwamba ni mpishi asiyeonja.

Mwaka 2020 madaktari walimkuta na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono ilitangulia, kisha miguu, na mwishowe sauti ikawa ndogo. Mkewe na watoto walimtunza nyumbani, na Ras Nehemia alikuja kila Jumamosi kumnyoa ndevu.

Desemba iliyopita Mzee Egbert alikuja. Kwa miaka saba ndugu hawa wawili walikuwa wamesalimiana mlangoni pa kanisa na si zaidi. Alikaa kando ya kitanda, akazungusha fimbo yake, akauliza: "Lascelles, ile mimea haina macho. Ilijuaje kama ni usiku?"

Marehemu alifumbua macho. Ilitubidi tumwinamie ili tumsikie. "Majani ndiyo yanayojua," alisema. "Yanajuaje, sijamaliza. Vuta kiti, kaka."

Mzee Egbert alikuja tena kesho yake, na siku nyingi zilizofuata. Marehemu alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 22 Januari 2024, mkewe na kaka yake wakiwa kando yake.

Wasifu huu ulipokuwa bado kwenye meza ya jikoni, Mzee Egbert aliuomba, akausoma hadi mwisho na habari za kikao zikiwemo. Mkewe marehemu alimwambia kwamba wapo wanaotaka neno moja liondolewe kabla halijasomwa ndani ya kanisa. Mzee Egbert akaurudisha mezani. "Bangi, shemeji," alisema. "Litamkwe. Na atakayeuliza, mwelekezeni kwangu."

Marehemu ameacha mjane, Verona, watoto Jacinth, Orville na Thelma, wajukuu saba, kaka yake Egbert, na mashamba mengi ya watu wengine yanayochanua kwa wakati wake. Mungu ampumzishe kwa amani, na amjibu maswali aliyokwenda nayo.