Lumir Pospisil, Mwonyesha Sinema wa Kolin (1936–2019)

Tunayemzika leo ni Lumir Vencil Pospisil. Wengi mlimwita Lumi, watoto wa mjini walimwita Mzee wa Luna, na marehemu mama yangu akikasirika alimwita Bwana Pospisil. Mimi ni Janelle, mwanawe wa pili. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu kaka yangu Rodney akianza hamalizi, machozi humshinda.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 katika shamba la babu, kusini mwa Kolin, jimbo la Nebraska. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Vencil na Albina Pospisil. Mdogo wake, Ladislav, tuliyezoea kumsikia akiitwa Ladi, alizaliwa mwaka 1939. Walikuwa hao wawili tu. Bibi Albina alikuwa akisema Mungu aliwapa maneno ya kugawana, Ladi akayabeba yote, Lumir akabaki na masikio.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba, kisha sekondari ya Kolin, akahitimu Mei 1954. Alipokuwa na miaka minane mwalimu aliwapeleka darasa zima Sinema ya Luna. Wenzake walitazama farasi wakikimbia kwenye pazia. Yeye alipiga magoti kitini, akageukia nyuma, akakodolea macho lile tundu la ukutani linalotoa mwanga. Mwalimu akamgeuza kwa sikio. Akageuka tena. Mwenye sinema, Mzee Bartos, alimwona, na Baba alipokua kidogo akamwajiri kufagia bisi sakafuni, halafu akamfundisha mashine. Mwaka 1963 Baba aliinunua Luna, akaiendesha mpaka alipostaafu.

Hapa katikati pana jambo ambalo wasifu huu hauwezi kuliruka, ingawa Baba mwenyewe angeliruka.

Tarehe 27 Januari 1959, mchana, Ladi alikuwa akirudi shambani kwa pikapu ya babu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akakuta gari limetumbukia mtaroni kwenye theluji, na kando yake kijana wa umri wake na msichana mdogo kuliko yeye. Nyote mnajua desturi yetu. Wakati wa theluji kila gari lina mnyororo wa kuvutia jingine, na anayempita aliyekwama atasemwa mpaka Pasaka. Ladi akasimama, akashuka na mnyororo. Hakujua kwamba wale wawili walikuwa wameshaua watu mjini na walikuwa wakikimbia. Walimpiga risasi, wakachukua pikapu, wakamwacha barabarani. Tarishi ndiye aliyemkuta kesho yake. Majina ya wale wawili sitayataja. Yametajwa vya kutosha.

Baba alifunga ndoa na Darlene Uhlir tarehe 3 Juni 1961 katika kanisa hili hili. Mama alikuwa akiuza tiketi Luna. Alisimulia kwamba Baba alikaa mwaka mzima akipita mbele ya kidirisha chake bila neno, mpaka siku moja akamuuliza, "Wewe Lumir, unataka tiketi au unanitaka mimi?" Baba akajibu, "Tiketi ninazo." Waliishi pamoja miaka hamsini na moja. Walijaliwa watoto wawili, na Bibi Albina alihamia kwetu babu alipofariki.

Mwaka 1974 ilitoka ile sinema. Walibadilisha majina, walibadilisha jimbo, lakini ilikuwa habari ya wale wawili. Magazeti yaliisifu mno. Ilisemekana wamepigwa picha vizuri, jua linazama nyuma yao, nao ni wazuri wa sura. Ndani yake mlikuwa na kijana asiye na jina, anasimamisha gari kuwasaidia, anakufa. Watu wa Kolin waliendesha magari mpaka Lincoln kuitazama, wakirudi wanamkwepa Baba macho.

Kinyozi wetu, Edi Kovarik, ndiye peke yake aliyethubutu. Alisubiri mpaka amemfunga Baba kitambaa shingoni.

"Lumi, hiyo sinema huku kwetu lini? Au tungoje tuletewe makaburini?"

"Wewe kata nywele, Edi. Ulimi uache."

"Nauliza tu! Watu wataitazama, utake usitake. Heri waitazame mbele yako."

Baba aliyaleta maneno hayo mezani nyumbani, akitegemea Bibi amtukane Edi. Mimi nilikuwepo. Bibi alikuwa akikanda unga wa kolache, vile vimkate vyetu vya matunda, wala hakuacha.

"Ilete," akasema.

"Mama, Ladi yumo."

"Najua yumo. Ndiyo maana nasema ilete, nione wamemfanyaje mwanangu. Lakini hapa Kolin hafi. Alikufa mara moja, inatosha."

"Mama, nimetiliana sahihi na kampuni ya sinema. Mkanda haukatwi."

"Basi huyo uliyetiliana naye sahihi aje aseme na mimi."

Hakuna aliyekuja kusema naye. Baba alipanda chumba cha mashine na mkanda, akapatafuta mahali pa kile kifo kwa vidole, akiinua picha moja moja mbele ya taa. Akakata, akakiweka kile kipande ndani ya kopo la kahawa, akaunganisha pande mbili kwa gundi. Kwa hiyo pale Luna ikawa hivi: gari limekwama, kijana anashuka na mnyororo, anatabasamu. Mara wale wawili wanaonekana wakienda zao na gari lake. Bibi alikaa safu ya mbele amevaa kofia ya kanisani. Kijana alipotabasamu, alisema kwa sauti kila mtu akamsikia, "Ladi alikuwa mzuri kuliko huyu." Msafiri mmoja, mgeni wa mji, akauliza kwa nini yule kijana amewapa gari lake. Edi akamjibu, "Watu wa huku ndivyo walivyo, bwana."

Kabla ya kuurudisha mkanda, Baba alikirudisha kile kipande mahali pake, maana alikuwa mwaminifu mpaka kero. Sinema ile ilipendwa, ikawa inarudi kila baada ya miaka michache. Kila iliporudi alikata, na kila ilipoondoka aliunganisha. Hakuwahi kuitazama sehemu ile ikitembea. Aliijua kwa vidole tu.

Alistaafu mwaka 2008. Mji ukainunua Luna, ikaendeshwa kwa kujitolea, ikapata mashine mpya ambayo haina mkanda wa kukata. Mwaka 2016 mwalimu mmoja wa chuo alitaka kuja na wanafunzi kuionyesha ile sinema hapa, Jumapili mchana. Kamati ilikuja nyumbani kumuuliza Baba, wamekaa kama watu waliovunja dirisha. Akawaambia, "Onyesheni. Mimi si polisi."

Tulikwenda wote. Lile gari lilipotokea mtaroni, Gary Kovarik, mwana wa Edi, alisimama akatoka. Kisha safu yake ikasimama. Kisha ukumbi mzima wa watu wa Kolin, vizee na watoto, wakatoka kimya kwenda kwenye baraza ya tiketi, wakabaki wanafunzi wanashangaa. Hatukuwa tumepanga, nawaapia. Nilimshika Baba mkono. "Baba, twende."

"Nenda wewe."

Tulisimama pale nje tumeshika kolache za plamu, hakuna aliyekula. Tuliusikia mlio wa risasi kupitia mlangoni. Tuliporudi alikuwa ameketi palepale, mikono magotini. Mimi nilikasirika, nikamwambia garini kwamba watu wametoka kwa heshima yake na yeye amebaki kama jiwe. Alinijibu tulipofika kwetu.

"Walifanya vizuri kutoka," akasema. "Lakini miaka yote hii, kila Ladi anapofika pale, na mimi nimekuwa nikiondoka. Yule mtoto alikufa peke yake, Janelle. Nikasema leo nikae naye."

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2018. Alilazwa hospitali mara mbili, akakataa mara ya tatu, akaletwa nyumbani kwangu. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 2019 asubuhi, akiwa na miaka 83. Rodney alikuwa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Hakuna aliyetoka, hata kwenda kupika kahawa.

Ametanguliwa na wazazi wake, mkewe Darlene na mdogo wake Ladislav. Ameacha watoto wawili, Rodney na mkewe Connie, na mimi Janelle, wajukuu wanne, kitukuu mmoja, Ladislav, wa miezi saba, anayepiga kelele kule nyuma, mwacheni, na mji mzima wa Kolin uliokula bisi zake.

Sasa neno la mwisho ni lake, aliniagiza. Desturi yetu ni Padri akimaliza, tunaliacha jeneza juu ya kamba, tunashuka ukumbi wa chini ya kanisa kula nyama ya nguruwe na viazi, na wachimbaji wanamshusha sisi tukiwa hatupo. Yeye alisema hapana. Kaburi lake liko kando ya Ladi. Majembe yameegemezwa kwenye uzio, yanatosha. Nawaombeni msiondoke mpaka udongo umfunike. Chakula kitapoa, acha kipoe.

Lumir na Ladi, laleni salama, pamoja.