Mgonjwa Msafi wa Subukia

Ndugu zangu, kabla hamjanipigia makofi, jueni kwanza mnampigia nani. Mimi ndiye yule mama aliyejitayarisha kwa utafiti wa dawa ya presha kama msichana anayengoja kuposwa. Cheka tu, mama wa kiti cha mbele. Mimi mwenyewe nimecheka mpaka nikazoea.

Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Ukinitafuta, niko jikoni au kwa ng'ombe, na safari ninayoipenda ni ya kutoka jikoni kwenda kwa ng'ombe. Lakini mwaka wa 2007 kliniki moja kule Nakuru ilikuwa ikitafuta wagonjwa wa presha wa kujaribu dawa mpya. Nikasikia kwamba ukikubaliwa, daktari anakupima kila mara na kukuuliza umelalaje. Nani huniuliza nimelalaje? Ng'ombe? Nikafunga safari.

Nesi alinieleza polepole, hata akarudia. Walitaka watu wenye presha peke yake, bila ugonjwa mwingine. Niko huru kukataa, akasema, lakini nisifiche kitu. Nilimaliza Form Four, ndugu zangu, kwa hivyo siwezi kusingizia kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana. Nikaficha sukari.

Mnajua mgeni akitangazwa kwetu tunavyofanya. Uwanja unafagiwa, watoto wanasuguliwa miguu, na kila kitu kibovu kinasukumwa chini ya kitanda. Basi mimi nilisukuma ugonjwa chini ya kitanda. Siku ya kupimwa sikula, nikanywa dawa chungu ya muarubaini, nikapaka mafuta usoni, na damu ikatoka safi. Wakanikubali. Nilirudi Subukia nikitembea kama mtu aliyeongoza darasa.

Jirani yangu, simtaji jina ila ameketi pale dirishani na kitambaa cha kijani, akaniuliza, "Umewaambia una sukari?"

"Wangenikataa."

"Kwa hivyo wanapima mtu ambaye hayuko."

Nikamwambia ana wivu.

Kwa muda nilikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Nesi alinisifu, na mimi husifiwa mara chache, mzee wangu ni shahidi. Lakini nyumbani nilikuwa nikimeza dawa yao, halafu vidonge vyangu vya sukari kichinichini, halafu nateremsha na muarubaini. Asubuhi moja ya kwenda kupimwa nilimeza vyote bila kula hata kiazi, nikasema wacha nikamue kwanza. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwato. Yule ng'ombe wangu anayempiga teke hata anayemletea nyasi alisimama kimya, ananitazama kwa huruma. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Jirani ndiye aliyenikuta. Alisimamisha pickup ya maziwa barabarani, nikapakiwa katikati ya mitungi, na maziwa ya watu yakangoja. Hospitalini daktari akauliza mgonjwa ana nini. Mimi ulimi ulikuwa umekufa. Jirani akajibu kwa niaba yangu, wodi nzima ikisikia: "Ana presha, ana sukari, ana muarubaini tumboni, na ana uongo. Mtibu vyote."

Nawaambia, ndugu zangu, ule uropokaji ndio ulioniokoa. Wakajua la kufanya.

Nilipopata nafuu, daktari wa utafiti akaja. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Akavuta stuli, akangoja. Nilipochungulia bado alikuwepo.

"Mama," akasema, "tunachagua wenye ugonjwa mmoja ili tusiwadhuru wengine, na ili majibu yasichanganyike. Lakini dawa ikishafika dukani, ataimeza nani?"

Nikajibu kwa sauti ya panya, "Mimi."

"Ndiyo. Na wewe bado hatukujui."

Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano. Nilikuwa nimedhani nawadanganya wale wa kliniki peke yao. Kumbe kuna mama mwenzangu mahali fulani, ana sukari kama yangu, ambaye siku moja angemeza dawa ile kwa imani ya damu yangu iliyofagiwa. Wakanitoa kwenye utafiti, na hiyo ilikuwa haki.

Nilikuja papa hapa kwenye kikundi chetu nikawaambia yote. Nilingoja mnicheke, na mlinicheka, Mungu awasamehe. Kisha mmoja akasema naye ana sukari. Mwingine magoti. Mwingine akakiri hukatiza vidonge msimu wa kupalilia. Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu ambaye kliniki ile ingemchukua, na ni sisi tunaongoja dawa!

Halafu mwaka mpya ukaingia vibaya na zile vurugu za uchaguzi, mnajua wenyewe. Barabara zikafungwa, viti hivi vikabaki vitupu, na wengi tukakaa bila vidonge. Mambo yalipotulia, nani akabisha hodi hapa? Yule daktari. Kulikuwa na utafiti mwingine: watu wenye presha na sukari pamoja, wazee, hata wanaokosa dawa njia zikifungwa, wote wakiangaliwa kwa karibu. Sisemi ni mimi niliyeuleta. Alisema wenzake walikuwa wakiujadili kitambo. Lakini alipotaka kujua wagonjwa wa kweli wanaishi vipi, mlango aliobisha ni huu. Acheni nijivune kidogo.

Wa kwanza kusimama nilikuwa mimi. Nilimwaga mfuko wangu wote mezani: vidonge, chupa ya muarubaini, hata mafuta ya magoti. Nikasema kwenye harusi nakula wali mpaka naona aibu. Nesi ni yule yule. Akatabasamu, akasema, "Karibu, mama. Leo ndio umekuja."

Namshukuru nesi huyo, na daktari aliyengoja blanketi lishuke. Namshukuru dereva wa maziwa, na ninyi mlionicheka kisha mkanifuata. Nina neno moja tu la kuwaachia: ukiulizwa unaumwa nini, weka ufagio chini. Mwingine atakunywa kutoka kikombe chako.

Na huyu wa kitambaa cha kijani, nimshukuru vipi? Siku niliyokubaliwa kwenye utafiti huu wa pili nilitoka kliniki kifua mbele, nikamwambia, "Sasa wamenichukua jinsi nilivyo!" Akanitazama kutoka viatu mpaka kilemba, akasema:

"Vizuri. Sasa hata dawa ikikuua, itajulikana imeua mtu gani."