Marehemu Januarius Mihayo na Damu Iliyoganda Mara Mbili

Marehemu Januarius Mihayo alizaliwa Migato tarehe 14 Machi 1948. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya. Aliyemlea ni sengi yake, shangazi Kwandu. Hilo mlishike.

Alisoma mpaka darasa la nane, akamaliza 1964. Baadaye akapata mafunzo ya maabara Mwanza, na kuanzia 1969 alifanya kazi hiyo hapa Bariadi. Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na Wilhelmina.

Kazini alikuwa mpole, ila friza ya damu usiiguse. Msimu huu, hawa wanunuzi wapya wa pamba walipoingia, mmoja alileta kreti la bia zipoe humo. Marehemu akamwambia, "Bia ikiwa ya moto utakunywa tu, bwana. Mlango huu ukifunguliwa ovyo damu inayeyuka, na mtu anatembea tena kutoka Kimali kuja kuchomwa sindano." Jamaa akabeba kreti lake.

Mwezi wa nane homa ilimkamata, ikagoma kila dawa. Damu yake aliichuja mwenyewe, akaigandisha kichupa kikiwa kimesimama, ipelekwe Mwanza kupimwa. Gari likaharibika Lamadi. Barafu ikaisha, damu ikayeyuka. Aliyeibeba akajiona mjanja: akaiweka kwenye friza ya duka la soda, ikaganda upya, akaipeleka kimya.

Mwanza wakaona imeganda kiubavu, wakajua iliyeyuka njiani. Wakasema damu ikiyeyuka ikagandishwa tena inaharibika, majibu yake yanadanganya, iletwe nyingine. Habari ilifika hapa marehemu hawezi hata kukaa. Alisema tu, "Ungerudi ukaniambia imeyeyuka, Ngassa, ningetoa nyingine siku hiyohiyo."

Kesho yake, Jumamosi tarehe 9 Septemba 1995, alfajiri, alifariki.

Tangu jana nasikia watu wanataja macho mekundu ya sengi Kwandu. Yale macho ni moshi wa kumpikia mgonjwa uji. Hakuna aliyerogwa hapa. Ugonjwa haukujulikana kwa sababu damu iliharibika, na aliyeiharibu ni mimi Ngassa, mtoto wa dada yake, ninayewasomea. Mwenye panga aanzie kwangu.

Marehemu ameacha mjane, Wilhelmina, watoto Scola, Yakobo na Gloria, na huyu mama aliyemlea, Kwandu. Leo sengi anarudi kulala kwake, na mlangoni nitakaa mimi.

Mungu ampumzishe mjomba kwa amani. Na sengi aachwe kwa amani akiwa hai.